Opinel Namba 8 Kama Kisu cha Kila Siku Kwenye Mwambao wa Ziwa

Kisu cha kukunja kinachofaa kubebwa kila siku kwenye mwambao wa Ziwa Victoria hakipimwi kwa wingi wa vifaa vilivyofichwa ndani ya mpini wake. Kinapimwa kwa mambo mawili: kama ubapa wake hautajikunja ghafla wakati wa kazi, na kama kinaendelea kufunguka na kufungika baada ya kulowa. Kwa kipimo hicho, Opinel namba 8 yenye ubapa usioshika kutu inafaulu vizuri sana katika jambo la kwanza, na katika la pili inamtaka mwenye nacho ajue kukitunza. Nimekitumia kisu hiki katika shughuli zangu za kupokea na kufungasha dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na vilevile nyumbani, masika na kiangazi.

Wapo wanaouliza mtu asiye mvuvi wala mchinjaji anabeba kisu cha nini. Anayefanya kazi mwaloni hawezi kuuliza hivyo, kwa sababu viroba hushonwa kwa uzi wa nailoni, mizigo hufungwa kwa kamba ya manila, maboksi huja yamezungushiwa utepe mgumu, na kila kimoja kati ya hivyo lazima kikatwe na mtu fulani kwa kitu fulani. Wengi wetu hutumia meno, au wembe mtupu uliofungwa kwenye kipande cha karatasi na kutiwa mfukoni. Huo wembe ndio unaonisikitisha zaidi, kwa kuwa hauna mpini, huteleza mkono ukiwa na magamba ya samaki, na nimewaona vijana wakijikata vidole kwa kazi ambayo kisu chenye mpini kingeimaliza kwa usalama. Ukiacha kazi ya mzigo, kuna embe la kumenya, mche wa sabuni wa kugawanya, penseli ya mtoto ya kuchonga, na kamba ya turubai inayotaka kukatwa mvua ikiwa tayari imeanza kunyesha.

Opinel hutengenezwa Savoie, eneo la milima mashariki mwa Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890. Mwaka 1897 vilipangwa kwa ukubwa kuanzia namba 1 hadi namba 12, na namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, ndiyo inayojulikana zaidi. Kina sehemu chache sana: ubapa, mpini wa mbao, msumari wa kuushikilia ubapa, na pete mbili za chuma, moja iliyotulia na nyingine inayozunguka.

Pete hiyo inayozunguka, iitwayo Virobloc, ndiyo sababu kubwa ya mimi kukipenda kisu hiki. Iliongezwa mwaka 1955 na Marcel Opinel. Ukishafungua ubapa, unaizungusha pete kwa kidole gumba, nayo inaziba ule mwanya ambao ubapa ungepitia kurudi ndani ya mpini, hivyo hata ukikandamiza mgongo wa kisu hakiwezi kujikunja juu ya vidole. Visu vingi vya kukunja visivyo na jina vinavyopangwa juu ya turubai kando ya barabara zetu havina kinga ya namna hii. Vingine vina kibati kidogo ndani ya mpini ambacho kwa mara za mwanzo huubana ubapa vizuri, kisha kikilegea hakuna wa kukutahadharisha. Pete ya Opinel unaiona kwa macho na kuigusa kwa kidole, kwa hiyo unajua kabla ya kukata kama ubapa umefungwa salama au la. Vinavyotengenezwa tangu mwaka 2000 huweza pia kufungwa kwa pete vikiwa vimekunjwa, na kwa mtu anayebanana na abiria wengine kwenye daladala, au aliye na watoto wanaopekua mifuko ya suruali iliyotundikwa ukutani, hilo ni jambo kubwa.

Kasoro ya mtindo huu ni kwamba unahitaji mikono miwili. Kucha inaingia kwenye kijichanja kilicho ubavuni mwa ubapa, mkono mmoja unavuta na mwingine umeshika mpini, halafu pete inazungushwa. Mtu aliyesimama mtumbwini akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja hatakifungua kisu hiki kwa urahisi, na kwa kazi ya namna hiyo nampendekezea kisu kisichokunjwa, chenye ala yake kiunoni.

Ubapa wenyewe ni mwembamba, unene wake haufiki milimita 2, na umechongwa ukipungua taratibu hadi kwenye makali. Ndiyo maana unapita kwenye nyanya bila kuiponda na kwenye tumbo la sato bila kuvuta nyama. Mzee mmoja anayeshona nyavu alikiomba siku moja, akakipima kwa kukata nailoni iliyolowa, ambayo kwa kawaida huteleza chini ya kisu butu. “Shikamoo, mzee, unakionaje?” nilimuuliza. “Marahaba, mwanangu. Kinakata vizuri, ila usije ukakipeleka kwenye mfupa,” akanijibu huku akikirudisha, mpini ukiwa umetangulia. Neno lake ni sahihi kabisa. Kichwa cha sangara ni kazi ya panga au ya kisu kizito cha jikoni. Ubapa huu ukiusokota katikati ya mifupa, au ukiutumia kubandulia mfuniko wa ndoo ya rangi, utapinda au utamegeka ncha, na kosa halitakuwa la aliyekitengeneza.

Sasa nije kwenye maji, ambako kisu hiki kinapata shida yake. Mpini wa kawaida ni wa mbao ya mti mgumu wa Ulaya, na mbao hiyo ikilowa huvimba na kuubana ubapa pale unapozungukia msumari. Kikidumbukia majini, au kikishinda kwenye mfuko uliolowa mvua ya masika, unaweza kukuta ubapa haufunguki kwa kucha hata ukivuta kwa nguvu. Wenyeji wa Savoie wana mbinu yao, nayo inafanya kazi: pete ikiwa imefunguliwa, unagonga kisigino cha mpini juu ya kitu kigumu, na ubapa unachomoza kidogo, kiasi cha kushikika kwa vidole. Lakini dawa ya kweli ni kinga. Mimi hukausha mpini kivulini, nikaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ile ya Tabora inayopatikana kwa wauza asali, nikahakikisha inaingia hadi ndani ya mfereji wa ubapa, na palipo na msumari nikaweka mafuta ya mgando kidogo. Tangu nianze kufanya hivyo kisu hakijakwama kabisa kwa mvua, ingawa baada ya kuoshwa sana bado kinakuwa kizito kufunguka mpaka kikauke. Kamwe kisiachwe kwenye beseni la vyombo.

Kuhusu chuma, kuna aina mbili, na neno lililochapwa kwenye ubapa ndilo linalozitofautisha. Ulioandikwa CARBONE ni wa chuma chenye kaboni nyingi, hunoleka upesi na hupata makali ya kupendeza, lakini hubadilika rangi kwa maji ya ndimu au embe na hushika kutu usipoufuta. Ulioandikwa INOX haushiki kutu kwa urahisi. Maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya pwani, kwa hiyo hata CARBONE ingeweza kuishi hapa kwa mtu makini. Hata hivyo, mwenye mikono inayoshinda na utelezi wa samaki na shombo achukue INOX bila kusita.

Kunoa si kazi ngumu. Mwanza ni jiji la miamba, na mazoea ya kunoa visu juu ya jiwe lolote la nje ya nyumba yameenea, lakini mawe yetu haya yana chembe kubwa zinazoutafuna ubapa mwembamba na kuacha makali yenye meno. Afadhali jiwe laini la kunolea la dukani, ubapa ukilazwa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, kisha upitishwe juu ya mkanda wa ngozi.

Anayetaka mkasi, kifungua kopo na bisibisi pamoja aangalie vile vyekundu vya Victorinox kutoka Uswisi, ambavyo mipini yake haivimbi. Ila vingi vya ule ukubwa wa kawaida wa milimita 91 hutegemea springi tu kuushikilia ubapa, na kwa kazi ya viroba mimi nachagua pete.

Bei ya namba 8 ya kawaida huko Ulaya haifiki euro 20, na gharama ya kukifikisha hapa ndiyo inayoipandisha. Changu nililetewa na ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani, akiwa amekiweka kwenye begi la kupakiwa kwenye tumbo la ndege, kwa kuwa kisu hakiruhusiwi kuingia na abiria. Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, kiache nyumbani unapokwenda benki, mahakamani au uwanjani.

Mwenye mkono mdogo ataridhika zaidi na namba 7, yenye ubapa wa sentimita 8. Ukikipokea, kabla hujalipa, fungua ubapa na uutazame kwa juu kama umekaa katikati ya mfereji, zungusha pete pande zote uone inabana bila kukwaruza, kisha soma neno lililochapwa kwenye ubapa.