Geji ya presha ya petroli kwenye Morris Minor yangu: uzoefu wangu

Kila nikipanda mlima wa Mazeras kutoka Mombasa, Morris Minor yangu ya 1959 ilikohoa, kisha ikazima. Kwenye tambarare inakwenda vizuri kabisa. Kabureta ilifunguliwa mara tatu, na mara tatu nikalipa. Mwishowe nikanunua geji ya kupimia presha ya petroli, ile inayosoma paundi 0 hadi 10 kwa inchi ya mraba.

Hiyo 10 ndiyo iliyonifanya niichague. Geji za magari ya injekta husoma hadi 100, na pampu ya petroli ya umeme kwenye Minor, ya kampuni ya SU, husukuma kama paundi 1.5 tu, kwa hiyo mshale wa geji kubwa karibu hauinuki. Kwenye hii yangu ulisimama wazi kwenye 1.5. Nikadhani pampu ni nzima.

Lakini kumbe hata pampu iliyokabwa koo hufikisha presha, maadamu petroli haiendi popote. Mlimani gari linataka wingi wa petroli, si presha tu. Basi nikachomoa mpira kwenye kabureta, injini ikiwa baridi, nikautia kwenye chupa, nikawasha swichi bila kupiga stata. Dakika moja: mililita 250. Pampu hii, aina ya L, ilitengenezwa itoe galoni 8 za Kiingereza kwa saa, karibu mililita 600 kwa dakika. Tena isikilizeni. Ikipiga tik… tik… tik, polepole kama ya kwangu, inavuta kwa shida. Ikipiga mbio na chupa ikatoa mapovu, inanyonya hewa mahali.

Nikaivutisha petroli kutoka kwenye dumu badala ya tanki: mililita 580. Pampu haikuwa na kosa. Kutu ya tanki ilikuwa imeziba paipu ya kuleta petroli kwenye pampu, na fundi wa kabureta hakuwahi kugusa huko kwenye tanki.

Geji naipa nyota nne. Ya tano imepotea kwenye viungio: vilivyokuja ndani ya boksi ni vya uzi wa Kimarekani, na Minor ni ya Kiingereza. Usivilazimishe, shaba ni laini na uzi utakatika. Mimi nilikata mpira nikafunga kwa klipu. Na ukinunua geji, tafuta na chupa yenye alama za mililita, maana ndiyo iliyonipa jibu.

Jumamosi nimepanda Mazeras tukiwa watu wanne, gia ya tatu, bila kikohozi.