Biro ya uchunguzi iliyohoji wanachama wetu Kadutu: bei nzuri, ukurasa mmoja mbaya

Mimi ni mweka hazina wa mutueli ya afya (chama cha kuchangiana gharama za matibabu) hapa Kadutu, Bukavu. Tuko kaya 600. Kabla ya mkutano mkuu tulitaka kujua jambo moja: je, zaidi ya nusu wako tayari kulipa mchango kwa M-Pesa au Airtel Money, badala ya kumngoja mkusanyaji mlangoni? Takwimu za serikali hazishuki mpaka kwenye avenyu zetu. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984!

Biro ilitoza dola 4 kwa kaya. Tukitaka kosa la jibu lisizidi pointi 5 za asilimia juu au chini, kaya 234, dola 936. Tukikubali pointi 10, kaya 83, dola 332. Kijana wao hakutusukumia ile ya ghali. Aliuliza: "Mama, jibu likiwa 60 au likiwa 80, mtaamua tofauti?" Hapana. Tukachukua 83.

Kaya 59 zilisema ndiyo: asilimia 71, yaani kwa kaya zote 600 ni kati ya 62 na 80 hivi. Hata ile 62 imeivuka nusu. Dola 604 tulizookoa zilikwenda kwenye deni letu la kituo cha afya.

Kilichonifurahisha zaidi ni kazi ya mtaani. Nyumba ikiwa imefungwa, hawakuhoji jirani, walirudi jioni. Mchana mama wengi wako sokoni, na hao ndio wenye pesa kwenye simu. Ukiwaacha hao ukachukua waliobaki nyumbani, hata uhoji kaya 500 jibu litapotoka.

Sasa ubaya. Bila kuombwa, walibandika jedwali la kila avenyu. Kaya 83 kwenye avenyu 11! Avenyu moja ikapata "asilimia 100", kumbe ni kaya 4, na mjumbe wake kwenye komite akaanza kujisifu. Kibaya zaidi kilikuwa safu ya wajane: avenyu yenye wajane wawili, "asilimia 50 wana deni la mchango". Hapo umebakiza tu kutaja jina. Niliung'oa ukurasa huo kabla ya fotokopi.

Bei na kazi nawapa nyota nne. Tutawaita tena kwa swali la dawa, ila mkataba utaandika hivi: hakuna asilimia kwa kundi lisilofika kaya 30, na majedwali ni yale tuliyoomba tu.