Baldur's Gate 3, kwa wanaojali sauti

Nikitaka kupima sauti za gemu, nazima manukuu, nageuza uso pembeni, nasikiliza tu. Mhusika nikiendelea kumwamini bila kumwona, mwigizaji wake kafaulu. Wengi wanafeli, na sishangai: kazi yenyewe ngumu. Mazungumzo ni mengi kuliko ya filamu yoyote, na mara nyingi mwigizaji anasoma peke yake kibandani, hana wa kumjibu, hajui mchezaji kachagua nini dakika moja kabla. Ndiyo maana utakuta mama anakusimulia kifo cha mwanawe kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya mabasi.

Baldur's Gate 3, gemu ya kampuni ya Larian iliyotoka 2023, imefaulu, na nampa sifa kubwa Neil Newbon aliyeigiza Astarion, yule mnyonya damu. Mnapokutana mara ya kwanza anakuita aombe msaada, kiungwana kabisa, na punde si punde kisu kiko shingoni mwako. Sauti haipandi hata kidogo. Inashuka, maneno yanabanwa, na tabasamu bado unalisikia humo humo. (Kama hujafika mbali kwenye hadithi, ruka hadi aya inayofuata.) Anapomkabili Cazador, bwana aliyemtesa karibu miaka 200, ukifanikiwa kumzuia Astarion asijitwalie nguvu aliyoitaka bwana huyo, anamchoma kisu tena na tena, kisha anapiga ukelele na kuangua kilio. Hakijapambwa kilio kile. Kinakwaruza, kinakatika, pumzi inamwishia. Tuzo ya uigizaji bora ya The Game Awards mwaka huo alipewa yeye, na mimi sina ubishi.

Waigizaji wa wahusika wakuu hawakuazima koo tu; walivaa mavazi ya vihisi wakaigiza na mwili. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo, maana unasikia mtu akigeuka, akiinama, akijizuia.

Msimulizi, Amelia Tyler, anakusemesha wewe moja kwa moja, kwa utulivu, karibu na sikio. Mambo mengi humo huamuliwa kwa kete, na zikikukataa, unahisi kama naye anaburudika.

J. K. Simmons yumo pia, kama Ketheric Thorm, na anazungumza kama mtu aliyechoka hata kuchukia. Vizuri sana. Lakini jina kubwa halinitishi. Gemu ya Oblivion ya 2006 ilikuwa na Patrick Stewart. Mfalme aliyemwigiza akauawa mapema kabisa, na raia karibu wote wakaachiwa waigizaji wachache. Ombaomba anakulilia kwa sauti ya mgonjwa mahututi, ukimuuliza habari za mjini anajibu kama afande mwenye afya tele. Kuna hata mstari ambao mwigizaji anakosea na kuomba arudie, na wakauacha humo humo. Naipenda gemu ile, lakini kwa sauti, hapana.

Kasoro ya Baldur's Gate 3 inayoniudhi ni mhusika wangu mwenyewe. Wenzake wanalia, wanatukana, wanatongoza. Yeye anakodoa macho. Jibu unalochagua unalisoma tu, halisemwi. Sauti uliyomchagulia inasikika kwenye vijisentensi vya safarini na vitani, na hivyo vinajirudia mpaka unatamani awe bubu kabisa. Ukishamzoea Shepard, mhusika mkuu wa gemu za Mass Effect, kwa sauti ya Jennifer Hale, anayetamka kila jibu lako, pengo hili unalihisi. Naelewa kwamba chaguo ni nyingi mno kurekodiwa, ila bado.

Vaa hedifoni, ingia kwenye mipangilio upunguze muziki, sauti za watu uziache juu. Ukiimaliza na bado una hamu, gemu ya Disco Elysium: The Final Cut ya 2021 ndiyo inayofuata. Humo Lenval Brown anasoma mawazo ya mpelelezi mlevi, kila kipaji chake kikibishana na kingine, na wote hao ni mtu mmoja anayesema polepole kwa sauti nzito.