TAHADHARI: Chaja ya betri ya "hatua 7" inachemsha betri, na muuzaji amebadilisha jina

Wakuu, kama una gari limelala nyumbani na hivi karibuni umenunua chaja ndogo ya kutunzia betri, ile ya boksi la bluu iliyoandikwa "hatua 7" (yaani eti inachaji kwa awamu saba), nenda kaizime ukutani kwanza, halafu urudi usome.

Gari la marehemu mzee wetu liko Tanga, kwa mama. Mimi niko Dodoma kikazi. Kila nikienda nakuta betri imekufa, maana alamu na saa vinakula umeme hata gari likiwa limezimwa. Miliampia 50 tu, kwa mwezi mmoja, zinamaliza zaidi ya nusu ya betri ya Ah 60 (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba).

Nikampata muuzaji Instagram, anasema ana duka Kariakoo. Bei 85,000. "Kaka, hii unaiacha hata mwaka mzima, ikijaa inajishusha yenyewe." Nikalipa kwa simu, na jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, si la duka. Hapo nilitakiwa nisimame, sikusimama.

Niliifunga inavyotakiwa: banio jekundu kwenye chanya, jeusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, ndipo nikachomeka ukutani. Taa nyekundu, baadaye kijani. Nikarudi Dodoma moyo umetulia.

Wiki ya tatu mama akanipigia. "Mwanangu, banda linanuka mayai viza." Mikono ilinitetemeka. Nikamwambia azime swichi ya ukutani, aache milango wazi, asiguse mabanio wala asiwashe kiberiti. Betri ikinuka hivyo inachemka, na inapochemka inatoa haidrojeni; cheche moja inatosha kuilipua. Banda lile limepakana ukuta na chumba anacholala mama.

Fundi umeme alikuta betri imevimba mbavu na maji yamekauka. Akaijaribu ile chaja kwenye betri yake nzima, kipimo kikapanda hadi volti 15.6 na kikaganda hapo, huku taa ni ya kijani. Chaja ya kweli hupanda mpaka kama 14.4, betri ikijaa inashuka kati ya 13.2 na 13.8 na kutulia hapo. Tukaiweka kwenye betri iliyokwisha kabisa: nusu saa tu, kijani! Taa inahesabu dakika, haipimi betri. Hata waya zake zinanasa sumaku, yaani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Nilipomtafuta muuzaji, kwanza alisema nimegeuza chanya na hasi. Nikamtumia video ya fundi. Akanifungia. Siku nne baadaye nikaona ukurasa mpya, jina jipya, picha zilezile na maneno yaleyale ya "hata mwaka mzima".

Kwa hiyo, ukinunua chaja ya aina hii, kwa yeyote yule, omba ijaribiwe mbele yako kwa kipimo cha volti, au chukua risiti inayokuruhusu kuirudisha. Ukifika nyumbani usiondoke siku ya kwanza. Ifunge, pima baada ya saa kadhaa, pima tena kesho yake. Betri imeshajaa na bado unasoma 15? Zima ukutani, acha hewa ipite, ndipo utoe mabanio, jeusi likitangulia.

Asiye na chaja ya kuaminika, afungue waya wa hasi kwenye betri kabla ya kusafiri. Saa na redio vitapoteza kumbukumbu, lakini gari halitanyonywa. Betri iliyolala ikishuka chini ya volti 12.4, ipelekwe kwa fundi ichajiwe akiwepo mtu wa kuiangalia.

Boksi, chaja yenyewe na ujumbe wa malipo ninavyo, navipeleka TBS (Shirika la Viwango) na FCC (Tume ya Ushindani) wiki hii. Aliyeuziwa kama mimi aandike hapa chini alinunua lini na kwa jina gani la ukurasa, ili malalamiko yaende pamoja.