Anki kwa istilahi za balagha na msamiati mgumu wa Kiingereza: uzoefu wangu wa muhula mzima

Wenzangu tunaosoma Kiingereza hapa Tunguu, Zanzibar, wananiuliza kila mara Anki, ile programu ya kadi za maswali na majibu ninayoshughulika nayo kwenye simu, inasaidia kweli au ni kupoteza muda. Inasaidia. Ila kadi zilizotengenezwa na watu wengine zikague kabla hujaziamini.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Unaoneshwa swali, unajaribu kukumbuka jibu, unafunua, kisha unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kueleza ulikumbuka kwa tabu au kwa wepesi. Ulilolikosa linarudi muda si mrefu. Ulilolipata linakaa siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha tangu mwaka 1885 kwamba mtu husahau zaidi mwanzoni, mara tu baada ya kujifunza, na programu za namna hii zimejengwa juu ya jambo hilo. Aliyepita chuo cha Qur'ani hatoona jipya: ni muraja ule ule, unapokea sura mpya huku za nyuma unazirudia zisipotee, isipokuwa ustadhi huyu hana bakora.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ukishapakua huhitaji tena bando. Ndani ya gari ya kutoka mjini unaweza kumaliza marudio ya siku nzima kabla hujashuka, maadamu umepata kiti. Ukisimama umebanwa baina ya makapu, sahau. Jambo moja la kubadilisha mapema: programu imepangwa itoe kadi mpya 20 kwa siku, na kwa mwenye masomo mengine ni nyingi, kwa sababu marudio yanalimbikizana. Punguza nusu.

Sasa kadi zenyewe. Nilichukua seti moja ya bure, mwandaaji wake hakujitaja, iliyotengenezwa kwa wanafunzi wa Marekani wanaofanya mtihani wa AP (Advanced Placement, mtihani wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) wa lugha ya Kiingereza na utunzi. Upande wa msamiati, maneno yamewekwa matupu bila sentensi. Unahifadhi kwamba garrulous ni mtu wa maneno mengi, lakini hujui ukimwita mtu hivyo umemsifu au umemtukana. Ilibidi nitie sentensi mwenyewe, kadi baada ya kadi.

Kwenye istilahi za balagha, yaani majina ya mbinu za kusema kwa mvuto, ndiko kwenye mushkeli mkubwa. Seti ile inaeleza anafora na epistrofi kwa maneno yale yale, kwamba ni kurudia neno kwa ajili ya msisitizo, basi. Anafora hurudia mwanzoni mwa vifungu, kama Martin Luther King alivyofanya Washington mwaka 1963 alipokuwa akianza tena na tena kwa kusema ana ndoto. Epistrofi hurudia mwishoni, kama Lincoln kule Gettysburg mwaka 1863 alipotaja serikali na kufunga kila kifungu kwa neno watu. Mwenye kutegemea kadi ile zote mbili ataziita takriri na kusonga mbele, na msahihishaji hatosonga naye.

Nilichofanya ni kuzigeuza. Mbele ninaweka mfano. Nyuma ninaweka jina la mbinu, na chini yake kazi inayoifanya pale. Chukua hotuba ya Kennedy ya mwaka 1961, pale alipowataka Wamarekani wasiulize nchi itawafanyia nini bali waulize wao wataifanyia nini nchi. Nyuma ya kadi nimeandika: antimetaboli, maneno ni yale yale lakini mpangilio umepinduliwa, na dhima imehama kutoka serikalini ikamwangukia msikilizaji. Kwa litotesi, yaani kusema jambo kwa kukanusha kinyume chake, sikuhangaika na Kiingereza hata kidogo. Mbele pana mtu anaulizwa biashara inakwendaje, anajibu "si haba". Kadi hiyo sijawahi kuikosa.

Msinione nakazania bure hilo la kazi ya mbinu. Mtihani wenyewe wa AP una insha tatu, na moja inamtaka mwanafunzi achambue mbinu za balagha katika matini aliyopewa. Kutaja majina matano makubwa bila kusema yanamfanya nini msomaji hakumpi alama za maana. Wahadhiri wetu nao wanasahihisha hivyo hivyo, kwa hiyo seti inayoishia kwenye jina na fasili inakuachia sehemu ngumu ya swali uifanye peke yako.

Kwa Android na kompyuta programu ni bure, kwa iPhone inalipiwa. Seti niliyoichukua haina sauti, hivyo matamshi itabidi uyatafute kwingine. Niliyoirekebisha ninayo kwenye simu. Aliye Tunguu anitafute nimrushie kwa Bluetooth, asimalize bando.