Ventoy: miaka 2 na flashi moja

Zamani nilitembea na flashi nne za kusimikia na kutengenezea kompyuta kwenye mfuko wa begi, kila moja imebandikwa kipande cha plasta na kuandikwa kwa kalamu: "Win 10", "Mint", "GParted". Ya nne sikuiandika, maana kila wiki ilikuwa inafutwa na kuwekwa kitu kingine. Mimi si fundi wa duka. Nafundisha sekondari hapa Morogoro, ila ukishampigia jirani mmoja Windows bure, mtaa mzima unajua mlango wako.

Siku hizi ninayo flashi moja tu ya GB 32, ndani yake kuna Ventoy. Ni programu ya bure, ilianza kutoka mwaka 2020. Unaisimika mara moja, nayo inaigawa flashi sehemu mbili: moja ndogo ya MB 32 inayobeba vitu vyake vya kuwashia mashine, nyingine ni nafasi yote iliyobaki, ambayo ni yako. Kuanzia hapo kazi yako ni kunakili faili la ISO, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima kama Windows, kama unavyomwekea mtu nyimbo. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, orodha ya ISO zako inatokea, unachagua. Toleo jipya la Ventoy likitoka unabonyeza kitufe cha kusasisha, na faili zako hazifutwi.

Kilichonifanya niipende hasa ni laptopu ya mama mdogo. Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine yake ilikuwa haina TPM 2.0, chipu ya usalama, kwa hiyo Windows 11 haikumtaka. Nikaamua kumwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, pembeni, nikimwachia Windows yake kwa ajili ya programu moja ya hesabu za kikoba. Diski ni ya GB 500, ambayo kwenye Windows inasomeka 465, na picha zote za harusi ya binti yake zimo humo humo kwenye C. Picha nilizinakili kwanza kwenye diski ya nje. Bila hilo nisingegusa kitu.

Kufungua GParted, programu ya kugawia diski, ndipo nikakutana na balaa: patisheni (vipande vya diski) nne tayari. Diski ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani, MBR, na MBR haikubali patisheni kuu zaidi ya nne. Moja ya kuwashia, C, moja ya kurejeshea Windows ya kiwandani, na kijipande kidogo mwishoni chenye zana za mtengenezaji ambazo sijawahi kumwona mtu akizitumia. Hata ningepunguza C, nafasi ambayo ingepatikana ingekaa bure tu. Nikanakili vilivyomo kwenye hicho kijipande, nikakifuta, halafu kwenye nafasi iliyotoka C nikatengeneza ekstendedi, yaani patisheni inayobeba nyingine tumboni. GB 60 za Mint, na zaidi ya 180 za vitu vya mama. C ikabaki na 200.

Kupunguza C ndiyo sehemu ya kushika roho. Betri ya laptopu ilishakufa. Ukichomoa waya tu, giza. Na umeme wetu mnaujua. Nikaazima UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ya stesheneri ya jirani, nikamwomba mama mdogo azime Windows huku ameshikilia Shift ili izime kabisa, maana GParted haigusi C iliyolazwa nusu usingizi. Ilichukua saa moja na ushee. Tukanywa chai nikiangalia ule mstari wa kijani kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Windows ilipowaka tena ikakagua diski yenyewe, kisha ikafunguka kama kawaida.

Ventoy ina mambo yake ya kuudhi pia. Kwenye mashine mpya zenye Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha programu isiyoitambua, mara ya kwanza unapokelewa na ujumbe wa kukataliwa, halafu skrini ya bluu. Inabidi uchague kusajili ufunguo kutoka kwenye diski, uingie VTOYEFI (ile sehemu ndogo ya Ventoy), uchague faili linaloanza na ENROLL_THIS_KEY, ukubali, uwashe upya. Ni mara moja tu kwa kila mashine, lakini mtu asiyejua ataiona kama virusi. Kama kazi yenyewe ni Windows tu, na mashine ni ya ofisi ya watu, hapo natumia Rufus, programu ya kuandaa flashi yenye mfumo mmoja tu, na sijilaumu.

Jingine: unapoisimika, kazi inayofuta kila kitu kwenye flashi, Ventoy inaorodhesha hata diski za nje za USB. Rufus huzificha mpaka uombe mwenyewe. Nilipokuwa nahamishia Ventoy kwenye flashi nyingine, diski ya nje yenye picha za harusi ilikuwa bado imechomekwa, na nikabonyeza jina lake. Kilichoniokoa ni kwamba Ventoy inauliza mara mbili kabla ya kufuta. Ya kwanza nilijibu ndiyo bila kusoma. Ya pili nikasoma.

Na flashi yenyewe iwe ya kweli. Niliwahi kununua ya GB 64 kwa bei ya kutupa. ISO mbili za kwanza zikafanya kazi, ya tatu ikawa inakwama katikati. Kwenye orodha ya Ventoy ukibonyeza herufi m inakokotoa SHA-256 ya ISO, alama ya kuhakikishia kwamba faili halijaharibika, na ya kwangu haikufanana na ile ya watengenezaji. Nikaipima flashi kwa H2testw, programu ya kupimia flashi: uwezo halisi ulikuwa chini ya GB 8.

Redio ya gari langu haisomi flashi hii, kwa sababu sehemu yake kubwa imepangwa kwa mtindo wa exFAT. Ungeweza kuibadilisha iwe FAT32, mtindo wa zamani zaidi, ila hapo ISO inayozidi GB 4 haiingii, na za Windows siku hizi zote zinazidi.

Mama mdogo anatumia Mint kila siku sasa. Ile patisheni ya GB 180 niliiandika "Vitu vya Mama". Wiki ya kwanza akanipigia simu usiku: "Mwanangu, C nimeiona, sasa D umeipeleka wapi?"