Ziara ya Nusu Siku Jijini Budapest: Mabingwa wa Hungaria Waliotoka Vitani

Ziara hii ya kuongozwa inapita katika maeneo ya Budapest yanayohusiana na wanamichezo wa Hungaria waliong'ara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Naipendekeza kwa yeyote anayeithamini historia ya michezo, ingawa ina kasoro moja kubwa ambayo nitaieleza bila kuizunguka. Huchukua nusu siku, sehemu kwa miguu na sehemu kwa usafiri wa umma, na maelezo hutolewa kwa Kiingereza kinachofuatika bila taabu. Ada hulipwa mapema kwa forinti, na kila mgeni hujinunulia tiketi za basi, tramu na metro. Kinachoitofautisha na ziara nyingine za michezo ni uamuzi wa kuanzia kwenye vita badala ya kuanzia kwenye medali.

Kituo cha kwanza ni Daraja la Margit, upande wa Pest, yaani ukingo wa mashariki wa mto Danube, mahali ambapo watalii wengi hupita bila kusimama wakielekea Kisiwa cha Margit. Hapo mwongozaji, mwanamke wa makamo aliyezungumza kwa utulivu na bila madoido, alitusimulia habari za Endre Kabos, bingwa wa mchezo wa kupigana kwa upanga wa aina ya kitara, aliyetwaa dhahabu ya mtu mmoja mmoja na ya timu katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Kabos alikuwa Myahudi, na wakati wa vita alitumikishwa katika vikosi vya kazi za shuruti. Tarehe 4 Novemba 1944, siku moja kabla ya kutimiza miaka 38, alikuwa juu ya daraja hili wakati baruti zilizotegwa na majeshi ya Ujerumani zilipolipuka ghafla, naye akafa pamoja na watu wengi waliokuwa wakivuka. Attila Petschauer na János Garay, waliokuwa katika timu ya kitara iliyotwaa dhahabu mwaka 1928, nao hawakuuona mwisho wa vita vile: Petschauer alifia Ukraine mwaka 1943 akiwa katika kazi za shuruti, na Garay akafia katika kambi ya Mauthausen mwaka 1945.

Baada ya majina hayo ndipo mwongozaji alipomtaja Aladár Gerevich, aliyekuwa timu moja na Kabos mwaka 1932 na 1936, na ambaye mwaka 1948 alikwenda London akarudi na dhahabu yake binafsi pamoja na ya timu. Hungaria ilitwaa dhahabu ya timu ya kitara katika kila Michezo ya Olimpiki iliyofanyika kuanzia 1928 hadi 1960, mara saba mfululizo, na Gerevich alikuwamo katika sita kati ya hizo. Kwenye orodha ya washindi mfululizo huo hauonyeshi pengo lolote. Ukisimama darajani na kusikia ni nani waliokufa kati ya 1936 na 1948, unaelewa kwamba pengo lilikuwapo, na kwamba waliobaki walilijaza wakijua vizuri waliokosekana ni akina nani. Kwa maoni yangu dakika hizo za mwanzo peke yake zinastahili ada yote.

Nilithamini pia ukweli wa mwongozaji kuhusu nchi yake. Hakuionyesha Hungaria kama nchi iliyoangukiwa na balaa kutoka nje tu. Alieleza kwamba ilikuwa mshirika wa Ujerumani, na kwamba kati ya Mei na Julai 1944 watumishi wa dola ya Hungaria wenyewe walishiriki kuwasafirisha Wayahudi wapatao 437,000, wengi wao hadi Auschwitz. Bila maelezo hayo, habari za mabingwa waliofuata zingekosa uzito.

Kutoka darajani tulitembea kidogo hadi mtaa wa Újlipótváros, uliokuwa na nyumba nyingi zilizolindwa na balozi za Uswisi na Uswidi katika miezi ya mwisho ya vita. Hapa tulisikia kisa cha Éva Székely, mwogeleaji aliyeishi katika nyumba iliyolindwa na Uswisi, watu 41 katika vyumba viwili. Kwa kuwa hakuruhusiwa kukaribia bwawa, kila asubuhi alipanda na kushuka ngazi za ghorofa tano mara mia moja ili mwili wake usisahau kazi. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1952 mjini Helsinki alishinda mita 200 za mtindo wa kifua, akirusha mikono juu ya maji kwa namna ya kipepeo, jambo ambalo kanuni za wakati ule ziliruhusu kabla mitindo hiyo miwili haijatenganishwa. Wanawake wa Hungaria walishinda mashindano manne kati ya matano ya kuogelea ya wanawake katika Michezo ile: Székely, Katalin Szőke katika mita 100 za mtindo huru, Valéria Gyenge katika mita 400, na timu ya kupokezana mara nne mita 100, iliyoweka rekodi ya dunia. Miaka saba kabla ya hapo madaraja yote ya Danube jijini Budapest yalikuwa yamelala mtoni.

Kituo kinachofuata, bwawa la kuogelea la Alfréd Hajós lililoko Kisiwa cha Margit, kinaendelea vizuri na uzi huohuo. Hajós alishinda mara mbili katika kuogelea kwenye Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya kisasa, Athens mwaka 1896, akawa msanifu majengo, na jengo hili lililofunguliwa mwaka 1930 alilibuni yeye mwenyewe. Ni bwawa linalotumika hadi leo, si jumba la makumbusho, na wageni wa ziara hupita tu bila kuogelea. Anayetaka kuingia majini itambidi arudi kwa wakati wake, na ningeshauri afanye hivyo.

Pembeni mwa bwawa mwongozaji alisimulia mechi ya polo ya majini ya tarehe 6 Desemba 1956 katika Olimpiki ya Melbourne. Mwezi mmoja kabla ya hapo vifaru vya Umoja wa Kisovyeti vilikuwa vimeingia Budapest kuyazima maasi ya Wahungaria dhidi ya utawala wa kikomunisti, na sasa timu za nchi hizo mbili zilikutana ndani ya maji. Hungaria ilikuwa ikiongoza kwa mabao 4 kwa 0 wakati Ervin Zádor alipopigwa na Valentin Prokopov, akatoka majini uso ukivuja damu, na mchezo ukasimamishwa kabla ya muda kwisha. Hungaria iliifunga Yugoslavia 2 kwa 1 na kutwaa dhahabu bila Zádor, ambaye hakurudi nyumbani na baadaye alikwenda kuishi Marekani. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa kusisimua. Mwongozaji wetu alikaa zaidi kwenye jambo lililonigusa mimi pia: wanamichezo wale walikuwa mbali kabisa, wengi bila habari za jamaa zao. Székely alipata medali ya fedha katika Michezo hiyohiyo bila kujua hali ya wazazi wake na binti yake mwenye umri wa miaka miwili.

Tulipanda basi namba 26 hadi Daraja la Árpád, kisha tramu namba 1 hadi kituo cha Puskás Ferenc Stadion. Njiani tulitajiwa jumla za medali: dhahabu 10 mwaka 1948, dhahabu 16 na medali 42 kwa jumla mwaka 1952, ambapo Hungaria ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Ni takwimu za ajabu kwa nchi yenye watu wasiofika milioni 10, ila zilisomwa haraka mno ndani ya tramu yenye kelele. Károly Takács, mwanajeshi ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na guruneti mwaka 1938, akajifunza kulenga shabaha kwa mkono wa kushoto na kushinda kwa bastola mwaka 1948 na 1952, alipewa sentensi mbili tu.

Uwanjani ndipo ziara inapopoteza mizani, na hii ndiyo kasoro niliyoitaja. Puskás Aréna, iliyofunguliwa Novemba 2019, imejengwa mahali pa uwanja wa Népstadion uliofunguliwa tarehe 20 Agosti 1953. Ni kweli kwamba timu ya taifa ya soka ya akina Puskás, Hidegkuti, Kocsis na Bozsik iliifunga Uingereza 6 kwa 3 pale Wembley tarehe 25 Novemba 1953 na 7 kwa 1 hapa Budapest tarehe 23 Mei 1954, kisha ikapoteza fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern kwa 3 kwa 2 mbele ya Ujerumani Magharibi baada ya kutangulia kwa mabao mawili. Mimi mwenyewe napenda mpira. Hata hivyo zaidi ya saa nzima ilitumika hapo, bao baada ya bao, na kwa muda huo vita vilisahaulika kabisa.

Ukumbi wa ndani wenye jina la László Papp uko jirani tu. Papp alikuwa bondia wa kwanza kutwaa dhahabu katika Michezo mitatu ya Olimpiki, 1948, 1952 na 1956, kisha akawa bingwa wa Ulaya wa ngumi za kulipwa, hadi serikali ilipomnyima ruhusa ya kuwania taji la dunia. Alistaafu bila kupigwa katika ngumi za kulipwa. Hapa maelezo yalikuwa mafupi na mazuri.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba Ágnes Keleti, mwanajimnastiki Myahudi, alitajwa mara moja tu tukiwa kwenye metro. Keleti aliokoka kwa kutumia karatasi za mwanamke Mkristo na kufanya kazi za ndani. Baba yake aliuawa Auschwitz. Umri wa kung'ara katika jimnastiki ulimpita wakati Michezo ya 1940 na 1944 ikifutwa, na mwaka 1948 jeraha likamzuia. Alipata dhahabu yake ya kwanza akiwa na miaka 31, na nne nyingine Melbourne akiwa na miaka 35, akishindana na wasichana waliokuwa watoto wakati wa vita. Alifariki Budapest tarehe 2 Januari 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 104. Ziara inayojengwa juu ya hoja kwamba ushindi huu ulitoka vitani haiwezi kumpita mtu huyu. Waandaaji wakikata nusu ya muda wa uwanjani, watapata nafasi ya kutosha ya kumsimulia ipasavyo.

Ziara inaishia katika Basilika ya Mtakatifu Stefano, alikozikwa Ferenc Puskás Desemba 2006, nusu karne baada ya kuwa miongoni mwa wachezaji waliobaki ng'ambo kufuatia maasi ya 1956. Kundi letu lilikuwa kubwa kupita kiasi kwa mwongozaji asiye na kipaza sauti, kwa hiyo ni vyema kukaa karibu naye tangu darajani, na kuuliza maswali mapema, kwa maana baada ya uwanja muda huwa umekwisha.